Kufunga eneo la uvuvi na "kaboni ya samaki": hesabu yake ikoje hasa?

Rasimu_Kusini (mwanzisha mada)

Habari za leo wakuu. Naomba msaada wa wanaoijua mada hii kwa undani.

Mezani kuna rasimu ya mpango wa usimamizi wa uvuvi wa BMU (vikundi vya wanakijiji vya kusimamia fukwe na uvuvi) tatu zinazopakana, pwani ya kusini mwa Tanzania. Wanataka kufunga hekta 200 za matumbawe, pasivuliwe kabisa, na hekta 90 nyingine zifungwe na kufunguliwa kila miezi mitatu kwa ajili ya pweza. Ndani ya ghuba kuna nyasi bahari nyingi na mikoko kiasi. Kina cha eneo lote hakizidi mita 20.

Mshauri aliyeiandaa rasimu ameandika kwamba samaki watakaoongezeka "watafyonza hewa ukaa", kwamba vijiji vitauza krediti za kaboni ya samaki (hati za hewa ukaa iliyohifadhiwa), na kwamba fedha hizo ndizo zitakazolipa doria. Ushahidi alioweka ni sentensi moja: samaki wanachangia asilimia 16 ya kaboni inayozama baharini.

Ninachouliza ni hiki. Hiyo 16% inatoka wapi na inahusu samaki gani? Ukifunga hekta 200 za mwamba, kaboni inayobaki ni tani ngapi kwa hesabu ya penseli? Na je, kuna mbinu yoyote iliyoidhinishwa ya kuuza kaboni ya samaki? Doria inahitaji mafuta na posho kila mwezi, na bajeti ikijengwa juu ya hewa, mpango mzima utaanguka mwaka wa pili.

---

Demani

Mkuu, nianze na hesabu kwa sababu ndiyo inayoamua mengine yote.

Mwamba wa matumbawe usiovuliwa hubeba takriban kilo 1,000 za samaki kwa hekta. Hicho ndicho kiwango kilichotolewa mwaka 2015 baada ya kulinganisha miamba zaidi ya 800 duniani. Miamba mingi inayovuliwa sana iko chini ya nusu ya hapo. Tuseme yenu ina kilo 300 kwa hekta, na kufunga kukaifikisha 1,000. Ongezeko ni kilo 700 kwa hekta. Zidisha kwa 200, unapata tani 140 za samaki hai.

Samaki mbichi ana kaboni takriban 12.5% ya uzito wake. Tani 140 ni tani 17.5 za kaboni. Ili kuigeuza iwe hewa ukaa, zidisha kwa 3.67 (uzito wa 44 gawanya kwa 12), unapata tani 64.

Tani 64 hizo si za kila mwaka. Ni za mara moja, samaki wanapojaa, na utafiti uleule wa 2015 ulikadiria kwamba mwamba uliovuliwa huchukua wastani wa miaka 35 kurudi karibu na hali yake ya asili. Gawanya: chini ya tani 2 kwa mwaka. Hata ukipata dola 20 kwa tani, ni dola 40 kwa mwaka kwa vijiji vitatu. Haijazi hata tangi la boti ya doria mara moja. Halafu wakiingia watu wa kokoro usiku wa wiki moja, ile "akiba" ya miaka kumi imeondoka.

Linganisha na mradi wa Mikoko Pamoja pale Gazi, Kwale, Kenya. Hekta 117 tu za mikoko, na mradi unauza takriban tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka chini ya kiwango cha Plan Vivo. Tofauti inatokana na mahali kaboni inapokaa. Mkoko unaiweka kwenye mti na kwenye tope lisilo na oksijeni, karne na karne. Samaki anaibeba mwilini, na mwili wake utaliwa.

Neno "watafyonza" lifutwe leo hii. Samaki hafyonzi hewa ukaa. Anavuta oksijeni na kutoa hewa ukaa kama sisi. Wanaofyonza ni planktoni (vijimea vidogo vinavyoelea majini), mwani, nyasi bahari na mikoko. Kazi ya samaki ni kuihamisha kaboni iliyokwisha fyonzwa na wengine, kutoka mahali hadi mahali, na swali linabaki: anaihamishia kina gani?

Pweza nao usiwaingize kabisa. Kufunga miezi mitatu kunafaa kwa sababu pweza anakua haraka mno, hivyo uzito wa mavuno unapanda siku ya kufungua. Lakini anaishi mwaka mmoja au zaidi kidogo, na siku ya kufungua anatolewa wote. Kwa kipato cha kina mama wanaochokoa pweza ni mpango mzuri sana, nao ungeandikwa hivyo tu.

---

Kina_Kirefu

Naongezea alipoishia Demani, kwa hiyo 16%.

Namba ni ya kweli lakini imehamishwa nyumbani kwake. Inatoka kwenye tathmini ya mwaka 2021 ya Grace Saba wa Chuo Kikuu cha Rutgers na wenzake. Walikusanya tafiti zilizokuwapo wakakadiria kwamba samaki wanachangia takriban 16% ya kaboni inayotoka tabaka la juu lenye mwanga kwenda chini, sawa na tani bilioni 1.5 za kaboni kwa mwaka. Pembeni ya namba hiyo waliandika kosa la makadirio la asilimia 13 juu na chini. Yaani inaweza kuwa 3, inaweza kuwa 29. Mtu akiinukuu bila hiyo 13 amenukuu nusu.

Pili, inahusu bahari nzima, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika kwenye maji marefu na samaki wa aina mbili ambao hamna kwenye mwamba wenu.

Kundi la kwanza ni dagaa na jamaa zake wanaotembea kwa makundi makubwa. Wanakula planktoni juu na kutoa kinyesi kizito kinachozama upesi. Kinyesi cha dagaa wa Mlango wa Santa Barbara, California, kilipimwa kikizama wastani wa mita 787 kwa siku. Chembechembe za kawaida za planktoni iliyokufa huzama makumi ya mita kwa siku, wakati mwingine mia na kidogo. Fanya hesabu ya kufika mita 1,000: kinyesi cha dagaa kinafika kwa saa 30 hivi, chembe inayozama mita 50 kwa siku inatumia siku 20. Ndani ya siku 20 bakteria wameshaila karibu yote na kuirudisha kuwa hewa ukaa kwenye maji ya juu. Kasi ndiyo siri ya mchango wa samaki.

Kundi la pili ni samaki wa tabaka la kati, mita 200 hadi 1,000. Wengi ni vidogo vya urefu wa kidole, wa familia ya Myctophidae, wenye vidoa vinavyotoa mwanga. Kila usiku wanapanda kula, alfajiri wanashuka. Wanachokula juu wanakipumua na kukinyea chini. Wingi wao duniani umekadiriwa kuanzia tani bilioni 1 hadi 10 na zaidi. Pengo hilo kubwa linatokana na vipimo: makadirio ya zamani yalitegemea nyavu, na samaki hawa wanaikwepa nyavu. Yale ya baadaye yalitumia mawimbi ya sauti, ambayo nayo hupotoshwa na wanyama wengine wenye vifuko vya hewa. Karibu na kwetu, Ghuba ya Oman ina akiba kubwa ya aina iitwayo Benthosema pterotum, iliyopimwa na meli ya utafiti Dr. Fridtjof Nansen tangu miaka ya 1970.

Sasa rudi kwenye mwamba wenu wa mita 20. Kinyesi kinatua chini ndani ya saa moja, kinaliwa na kaa, jongoo bahari na bakteria, na maji yanachanganyika juu na chini kila bamvua. Hakuna kilichohifadhiwa. Kinachobaki ni mbolea ya nitrojeni na fosforasi kwa nyasi bahari na matumbawe, nayo ina thamani yake, lakini si akiba ya kaboni. Ili kaboni ikae mbali na hewa kwa karne kadhaa inabidi ifike takriban mita 1,000. Ikiishia mita 100 au 200, inarudi juu kwa miaka michache au miongo. Pwani yetu ina mahali ambapo kina kinaanza karibu sana na nchi kavu, kama Mkondo wa Pemba wenye takriban mita 800, lakini Mkondo wa Unguja na wa Mafia ni wa makumi ya mita tu. Kwa hiyo hata ndani ya Tanzania huwezi kutumia kipimo kimoja.

---

Mwanafunzi_Uvuvi

Samahani wakuu, niliwahi kusoma kwamba samaki wanatengeneza chokaa tumboni. Hiyo nayo si kaboni inayozama? Haiwezi kuongezwa kwenye hesabu ya Rasimu_Kusini?

---

Kina_Kirefu

Swali zuri ndugu, ila linaenda kinyume na unavyotarajia.

Samaki wa mifupa wa baharini wanakunywa maji ya chumvi ili wasikauke. Kalsiamu na magnesiamu iliyomo inagandishwa utumboni kuwa punje za chokaa na kutolewa. Mwaka 2009 ilikadiriwa kwamba samaki wanatengeneza kati ya 3% na 15% ya chokaa yote ya baharini. Papa na taa hawamo, kwa sababu wanatunza urea mwilini na hawalazimiki kunywa maji kwa wingi hivyo.

Lakini kemia yake ni hii: bikaboneti mbili zinatoa chokaa moja na hewa ukaa moja. Kwa muda mfupi, kutengeneza chokaa kunaongeza hewa ukaa kwenye maji. Faida inakuja baadaye, pale punje hizo, zenye magnesiamu nyingi na hivyo huyeyuka upesi kuliko chokaa ya konokono au matumbawe, zinapoyeyuka kwenye maji ya kina na kuyapunguzia uasidi. Ni mzunguko wa bahari kuu. Ukiujumlisha kwenye kaboni ya mwili na ya kinyesi umefanya kosa la alama: umejumlisha mahali ambapo kwanza ulipaswa kutoa.

---

Maleleji

Nakubaliana na wenzangu kuhusu mwamba, ila naona jibu linaegemea upande mmoja. Usimamizi wa uvuvi una uhusiano mkubwa na kaboni, isipokuwa mahali pake ni pengine. Rasimu_Kusini ametaja nyasi bahari halafu sote tumezipita.

Nyasi bahari zinahifadhi kaboni kwenye mashapo, yaani tope na mchanga uliotuama chini ya mizizi. Makadirio ya dunia ya mwaka 2012 yaliweka kiwango cha kati kuwa karibu tani 140 za kaboni kwa hekta katika mita moja ya juu ya mashapo. Zidisha kwa 3.67: zaidi ya tani 500 za hewa ukaa kwa hekta moja. Hekta moja ya nyasi bahari nzuri inashinda hekta zenu zote 200 za samaki mara nane. Kuzilinda zisiharibike ndiyo kazi kubwa, na hapo samaki wanaingia.

Kuna mnyama wa duara mwenye miiba, yule anayewachoma miguu wanaovua kwa kutembea maji yakitoka. Aina moja, Tripneustes gratilla, inakula nyasi bahari. Wakizidi wanafyeka uwanda mzima hadi kubaki mchanga mtupu. Jambo hilo limeshuhudiwa Kenya, Watamu na Diani-Chale. Anayewadhibiti ni kikande, samaki mwenye taya ngumu anayewageuza na kuwavunja, pamoja na baadhi ya changu wakubwa. Kikande akivuliwa sana kwa dema (mtego wa kusuka) na mshipi, wenye miiba wanazaliana bila mpinzani. Nyasi zikiisha, mizizi inaoza, mashapo yanachukuliwa na mawimbi, na kaboni iliyokaa miaka mingi inaanza kutoka.

Kwa hiyo kanuni ndogo ya uvuvi, mathalani kumrudisha kikande majini akiwa hai na kuweka tundu la kutorokea kwenye dema, ina uhusiano wa moja kwa moja na akiba ya kaboni. Tahadhari moja: kikande anarudi polepole. Kwenye hifadhi za Kenya imechukua miaka kumi hivi hadi wenye miiba washuke vya kutosha, basi msiahidi matokeo ndani ya mradi wa miaka mitatu.

Na juya la kukokota ufukweni lina kosa mara mbili. Linazoa samaki wachanga, na kamba yake ya chini yenye vyuma inang'oa nyasi zenyewe. Kwa kaboni, kuliondoa juya kwenye ghuba yenu kuna maana kuliko kufunga mwamba.

Upande wa pili upo pia. Kule Lakshadweep, India, kasa waliongezeka hadi wakazila nyasi bahari kupita uwezo wake wa kuota tena, na samaki wa eneo hilo wakapungua. Kasa wanahitaji papa wakubwa wa kuwatawanya. Mpango unaolinda kasa na kuruhusu nyavu za jarife kumaliza papa unalinda nusu ya mfumo.

---

Mkondo_wa_Kusi

Kuna meli za kukokota nyavu chini pia, maana rasimu kama hizi huwa zinanukuu namba ya kutisha.

Mwaka 2021 jarida la Nature lilichapisha makadirio kwamba ukokotaji wa nyavu sakafuni unatibua mashapo kiasi cha kutoa tani bilioni 0.58 hadi 1.47 za hewa ukaa kwa mwaka ndani ya maji, kutoka eneo la kilomita za mraba milioni 4.9. Wengi walisoma kana kwamba hewa hiyo yote inapanda angani. Makadirio ya mwaka 2024 yalisema 55% hadi 60% ndiyo inayofika angani, ndani ya miaka tisa hivi. Na mwaka 2023 wataalamu wengine wa mashapo walijibu kwenye Nature hiyohiyo kwamba kasi ya kuoza iliyotumika ni ya mabaki mabichi, wakati kaboni iliyozikwa zamani ni ngumu kuoza hata ikitibuliwa. Pia minyoo na kaa wanaitibua sentimita chache za juu kila siku, meli ipite isipite. Nyavu ya kawaida ya kukokota inaingia sentimita 2.4 hivi kwa wastani. Mimi naona pingamizi hilo lina nguvu, na yeyote anayeandika mpango aandike "huenda" mahali pa "itazuia tani kadhaa".

Kwetu suala hili lina sura yake. Tanzania ilisimamisha uvuvi wa kamba wa meli za kukokota msimu wa 2007/2008 kwa sababu kamba walishuka. Kenya ilipiga marufuku Ghuba ya Ungwana mwaka 2006, ikafungua 2011 kwa mpango maalumu: meli zikae nje ya maili 3 za baharini na zivue mchana tu. Hatua zote mbili zilichukuliwa kwa ajili ya kamba, samaki wanaotupwa na migogoro na wavuvi wadogo. Sababu hizo zinatosha zenyewe. Kaboni kwenye tope la mdomo wa Rufiji ni nyongeza inayowezekana, nayo inategemea tope lenyewe: mchanga una kaboni kidogo, tope laini lina nyingi.

Na mafuta, wakuu! Hii ndiyo kaboni ya uvuvi isiyo na ubishi. Mwaka 2011 vyombo vya uvuvi duniani viliunguza lita bilioni 40 za mafuta na kutoa tani milioni 179 za hewa ukaa, wastani wa kilo 2.2 kwa kila kilo ya samaki iliyofika nchi kavu. Fanyeni hesabu ya BMU zenu: tuseme boti 30, lita 15 za petroli kwa siku, siku 200 kwa mwaka. Lita 90,000. Lita moja ya petroli inatoa kilo 2.3, kwa hiyo tani 207 kwa mwaka. Samaki wakiwa wengi karibu na kijiji na safari zikafupika kwa 20%, mmeokoa tani 41 kila mwaka. Miaka miwili inapita ile 64 ya Demani, na pesa ya mafuta inabaki mfukoni mwa mvuvi siku hiyohiyo, bila mnunuzi wa krediti.

---

Kina_Kirefu

Hapo Mkondo_wa_Kusi amegusa jambo. Ngoja niseme usimamizi wa bahari kuu unaweza kufanya nini, kwa sababu huko ndiko samaki wana uzito kwenye kaboni.

Utafiti wa Bianchi na wenzake, 2021, ulikadiria kwamba kabla ya uvuvi wa viwanda samaki tunaowavua walikuwa tani bilioni 3.3, na mabaki yao yalichangia takriban 10% ya kaboni ya kibiolojia iliyohifadhiwa kwenye kina. Kufikia miaka ya 1990 wingi wao na mzunguko huo vilishuka karibu nusu. Kwa samaki wakubwa kama jodari, nduaro na papa, kuna hesabu ya mizoga: asiyevuliwa wala kuliwa anazama mzima hadi sakafu ya bahari. Utafiti wa 2020 ulisema kuwatoa tangu 1950 kumerudisha angani angalau tani bilioni 0.73 za hewa ukaa, na kwamba 43.5% ya kaboni hiyo iliyotolewa bahari kuu ilitoka maeneo ambayo kuvua kusingelipa bila ruzuku. Hiyo ya ruzuku ndiyo ninayoipenda, kwa sababu ni mahali pa kukata bila kumnyima mtu chakula. Mkataba wa ruzuku za uvuvi ulioafikiwa Geneva Juni 2022 unaanza kugusa jambo hilo, na Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Shelisheli, inagawa mipaka ya mavuno ya jodari.

Dagaa wana somo lao Peru. Mwaka 1970 walivua zaidi ya tani milioni 12 za anchoveta. Joto la El Niño la 1972–73 likakuta samaki wamevuliwa kupita kiasi, mavuno yakaanguka hadi takriban milioni 2. Leo kila meli ina mgao wake tangu 2009, hifadhi ya samaki inapimwa kwa sauti kabla ya msimu, na samaki wachanga, walio chini ya sentimita 12, hawapaswi kuzidi 10% ya idadi inayovuliwa. Msimu wa kwanza wa 2023 ulifutwa kabisa kwa sababu ya wachanga. Kanuni hiyo ya kupima urefu pwani haihitaji meli ya utafiti. Wavuvi wetu wa dagaa tayari wanapumzika siku za mbalamwezi kwa sababu taa hazivuti samaki. Kuongeza kipimo cha wachanga juu ya mapumziko hayo kunawezekana.

Na samaki wa tabaka la kati waachwe kwanza. Viwanda vya unga wa samaki vinawatazama, na kilo 4 hadi 5 za samaki zinatoa kilo moja tu ya unga. Pwani ya Pasifiki ya Marekani ilizuia mwaka 2016 kuanzisha uvuvi mpya wao bila tathmini. Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu pale Zanzibar ingeweza kuweka sharti kama hilo kwenye leseni kabla meli ya kwanza haijaomba.

---

Rasimu_Kusini

Nawashukuru sana. Basi sehemu ya krediti za samaki naitoa. Yamebaki mawili: kuna mbinu iliyoidhinishwa ya nyasi bahari? Na tukitaka kupima wenyewe, kosa linatokea wapi?

---

Maleleji

Kwa samaki hakuna. Mwongozo wa ardhi oevu wa 2013 wa IPCC, jopo la kimataifa la wataalamu wa tabianchi, ambao nchi zinautumia kuhesabu, una mikoko, vinamasi vya maji ya chumvi na nyasi bahari. Samaki hawamo. Kwenye soko, mbinu iitwayo VM0033 ya Verra, shirika linalosajili miradi ya kaboni, inakubali kurejesha mikoko na nyasi bahari. Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni za 2022, na mahali pa kuanzia ni Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni kilichopo SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro. Msitie saini na mnunuzi yeyote kabla ya kupita huko.

Kupima mashapo: bomba la PVC la kipenyo cha milimita 50 hadi 75, lichongwe mdomo, lipigwe nyundo hadi mita 1. Kabla ya kulitoa, pima umbali kutoka mdomo wa juu hadi mashapo, ndani na nje. Ndani kukiwa chini zaidi, mashapo yameshindiliwa: bomba limeingia sentimita 100 na ndani una 80 tu, zidisha kila kipande kwa 1.25 unapopanga kina chake halisi. Ziba juu, vuta, kata kila sentimita 5, kausha kwa nyuzi 60 siku mbili, pima uzito.

Kosa kubwa la pwani yetu linafuata hapo. Mchanga wetu umejaa chokaa ya matumbawe na makombe, nayo chokaa ina kaboni. Usipoiondoa kwa asidi ya haidrokloriki kabla ya kipimo cha maabara, utahesabu mawe kama akiba ya nyasi, na namba itatoka mara kadhaa zaidi ya ukweli. Ukishapata asilimia safi, hesabu ni nyepesi: uzito wa mashapo makavu kwa sentimita ya ujazo, mara asilimia ya kaboni, mara kina kwa sentimita, ndiyo tani kwa hekta. Gramu 1, asilimia 1.4, sentimita 100: tani 140. Toa mabomba angalau matatu kila kituo, na kituo kimoja kiwe kwenye mchanga usio na nyasi ili muone tofauti.

---

Demani

Samaki pia wapimeni, si kwa kaboni bali kujua kama kufunga kunafanya kazi. Kamba ya mita 50, hesabu mita 2.5 kila upande, yaani mita za mraba 250. Andika jina na urefu. Uzito unatoka kwenye uhusiano wa urefu na uzito wa kila aina.

Tatizo ni macho. Kupitia kioo cha kuzamia, kitu kinaonekana kikubwa kwa karibu theluthi. Na kwa kuwa uzito unapanda kwa kipeo cha tatu hivi, urefu ukizidishwa 10% tu uzito unazidi 33%. Chongeni samaki wa mbao wa sentimita 10, 20, 30 na 40, wafungeni kwenye kamba chini ya maji, wahesabuji wakisie hadi makosa yashuke chini ya sentimita 3. Wahesabuji wawe walewale, maji yawe yaleyale kila mara, na mwamba mmoja unaovuliwa uhesabiwe sambamba na uliofungwa. Bila huo wa kulinganisha, mwaka mzuri wa kaskazi utaonekana kama kazi ya mpango.

Kwenye rasimu, pale palipokuwa na krediti, ningeandika hivi: "Eneo la matumbawe linafungwa ili kuongeza samaki na kupunguza umbali wa safari za uvuvi. Juya linaondolewa kwenye ghuba na kikande analindwa ili kuhifadhi nyasi bahari. Kaboni ya mashapo itapimwa mwaka wa 1 na wa 5. Gharama za doria zitalipwa kwa ushuru wa mnada na mgao wa siku ya kufungua pweza." Siku ya kufungua pweza fedha inaonekana saa hiyohiyo, kwa hiyo asilimia ya doria ikatwe mizanini palepale, kabla pweza hajapanda gari.